Kitabu unachokitafuta kipo, ila kiko mkoa mwingine: maktaba zetu zianze kuazimana

#1 Mwalimu wa Kusini (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe nimelibeba moyoni miaka mitatu sasa.

Nafundisha Historia sekondari mkoani Ruvuma. Kila mwaka ikikaribia tarehe 27 Februari, siku tunayowakumbuka mashujaa wa Maji Maji walionyongwa Songea mwaka 1906, wanafunzi huniuliza maswali ambayo kitabu cha kiada hakiyajibu. Kwa nini nduna huyu (kiongozi wa Wangoni chini ya chifu) aliyakubali maji ya dawa na yule akayakataa? Wanawake walikuwa wapi? Baada ya vita watu walikula nini? Kitabu cha kiada kinasema vita vilianza 1905, vikaisha 1907, watu wakafa kwa risasi na wengine wengi zaidi kwa njaa. Basi.

Majibu yapo. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walitumwa vijijini, kusini yote iliyopigana, wakawahoji wazee waliokuwa bado hai na waliokuwa wanaikumbuka vita ile. Kazi yao ikakusanywa. Kuhusu huku kwetu kipo kijitabu cha O. B. Mapunda na G. P. Mpangara juu ya vita ya Maji Maji katika Ungoni, kilichochapwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni cha Kiingereza, lakini wanaosema ndani yake ni wazee wetu. Dukani hukipati.

Nilikiulizia maktaba moja, nikaambiwa hakipo. Nikaulizia ya pili, hakipo. Likizo ya Juni nikapanda basi kwenda Dar, zaidi ya kilomita 900, nikafikia kwa shemeji, siku tatu mfululizo nikakaa na kaunta buku nikinakili kwa mkono. Sijutii hata shilingi moja ya nauli ile. Wanafunzi wangu waliposikia maneno ya wazee wa vijiji wanavyovijua, darasa lilinyamaza kimya ambacho sijawahi kukisikia.

Sasa kilichonifanya nianzishe uzi huu. Mwaka jana nilikwenda msibani mkoa jirani. Wakati wa kurudi gari likachelewa, nikaingia kwenye maktaba ndogo pale mjini nipumzike na jua. Rafu ya chini kabisa, pembeni ya ukuta, kijitabu kile kile. Nilichuchumaa pale nikakishika kwa mikono miwili. Nyuma ya jalada kuna ile karatasi ya kugonga tarehe za kurudisha. Muhuri wa mwisho: 1987.

Kitabu kilikuwa hakijatoka pale tangu 1987, na mimi nimesafiri kilomita 900 kukitafuta wakati kiko kilomita 140 kutoka ninapolala.

Simlaumu mtu. Mkutubi wa pale hakuwa na namna ya kujua kuna mwalimu upande wa pili wa mpaka wa mkoa anakihitaji. Mkutubi wa kwetu naye hakuwa na namna ya kujua kiko pale. Wote wawili ni watu wema, wana simu mkononi, na mabasi yanayopita kati yao yapo kila siku. Kilichokosekana ni utaratibu wa huyu kumuuliza yule, "Mna kitabu hiki? Tuazimeni wiki tatu."

Tunalia kila siku kuwa maktaba zetu hazina vitabu, na ni kweli, bajeti ni ndogo na vingi ni vya zamani. Lakini kuna vitabu ambavyo tayari tunavyo na havimfikii anayevihitaji kwa sababu kila maktaba imejifungia na rafu zake. Nataka tulizungumze hilo. Waliowahi kufanya kazi maktaba, walioko nje, mnaojua sheria, karibuni.

#2 Mkutubi Mstaafu

Mwanangu Mwalimu, umenigusa. Nilikuwa kwenye kazi hii tangu enzi za kadi na taipureta, na nikwambie jambo unaloliomba si geni hapa kwetu.

Kabla ya Uhuru, East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948 makao yake Nairobi, ilikuwa na masanduku ya vitabu yanayozungushwa vituoni, na ilikuwa na maktaba ya posta: mtu yuko bara huko, anaandika barua, kitabu kinamfuata kwa posta, akimaliza anakirudisha kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1960 Sydney Hockey, mkutubi wa British Council, akaandika ripoti kuhusu huduma za maktaba Afrika Mashariki, akapendekeza kila nchi iwe na huduma ya taifa zima, isiwe kila mji na maktaba yake peke yake. Bodi yetu ya Huduma za Maktaba ikaundwa kwa sheria ya 1963. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Kisha ikaja Sheria Namba 6 ya 1975 inayotumika mpaka leo.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo hoja yako inapopata nguvu. Uingereza au Marekani, maktaba ya mji ni mali ya halmashauri ya mji ule. Ili kuazimana inabidi wenye mali wawili wakubaliane. Kwetu, maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi moja. Kitabu kilichoko Mbeya na kilichoko Mtwara kwenye maktaba hizo mwenyewe ni mmoja. Kukihamisha kwa wiki tatu ni kama kukitoa chumba kimoja kukipeleka chumba cha pili ndani ya nyumba ile ile. Zipo pia maktaba za halmashauri, za shule, za mashirika ya dini, na hizo zinahitaji makubaliano. Lakini uti wa mgongo tunao tayari.

Na jinsi inavyofanyika, maana wengi wanadhani msomaji ndiye anayekopeshwa na maktaba ya mbali. Hapana. Wewe unajaza fomu kwa mkutubi wako: mwandishi, jina la kitabu, mwaka, toleo kama unalijua. Mkutubi wako anatafuta kiko wapi, anaandika maombi kwa jina la maktaba yake. Kule wanaangalia rafuni, wanakitoa kwenye orodha yao kama kimeazimwa na maktaba fulani, wanakifunga na kukituma. Kikifika, wewe unakichukua kwa kadi yako ya kawaida. Ukikipoteza, kule hawakujui wewe, wanaijua maktaba yako, na maktaba yako ndiyo itakayokubana. Kwa hiyo mwenye kitabu halali akiwaza juu ya mtu asiyemjua. Anashughulika na mkutubi mwenzake, mwenye ofisi na muhuri.

Si kila kitu kinatumwa. Kamusi kubwa na ensaiklopidia zinabaki. Magazeti ya zamani yanabaki. Nakala pekee iliyochakaa inabaki, na hapo anayeomba anatumiwa nakala ya kurasa anazozihitaji kwa kadiri sheria ya hakimiliki inavyoruhusu. Hata hivyo ni msaada. Mtu anayetafuta sura moja hahitaji kitabu kizima kisafiri.

#3 Mdau wa Kariakoo

Mleta uzi nakuheshimu, mwalimu ni mzazi. Lakini naomba nipinge kidogo kwa nia njema. Leo kila mtu ana simu. Kwa nini tuhangaike na vifurushi badala ya kuweka vitabu vyote mtandaoni, mtu asome akiwa kitandani? Na hofu yangu ya pili: vitabu vyetu vinapotea hata ndani ya maktaba moja. Je, vikianza kupanda mabasi? Nani atalipa nauli ya kitabu wakati maktaba nyingine hata balbu zinasubiri bajeti?

#4 Binti wa Minneapolis

Naandika kutoka Marekani, jimbo la Minnesota. Nimeishi huku miaka tisa, nafanya kazi ya kuwatunza wazee. Nieleze ninachokiona kwa macho yangu, kaka Mwalimu apate mfano.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa huku, na nilikuwa naogopa atakua hajui hadithi za kwetu. Nikaenda maktaba ya mtaa, nikamwambia mama wa mapokezi natafuta kitabu cha hadithi za Kiswahili, nikamtajia. Hawakuwa nacho. Nikajua ndio mwisho. Yule mama akageuza kompyuta yake, akaniambia kipo maktaba ya chuo kikuu jimbo la jirani, Wisconsin, wanaweza kukileta. Siku kumi hivi baadaye nikapata ujumbe kitabu kimefika. Kimevishwa ukanda wa karatasi umeandikwa kimetoka wapi na kinarudi lini. Sikulipa hata senti.

Kilichoniliza si hadithi zenyewe. Nilifungua ukurasa wa mbele nikakuta kimechapwa Nairobi. Mimi niliyekulia Tanga sikuwahi kukishika kitabu kile, nimekuja kukishika kwenye theluji.

Baadaye nikawa na hamu ya kujua mfumo ule umetoka wapi. Mwaka 1876 mkutubi wa maktaba ya umma ya mji wa Worcester, Massachusetts, aitwaye Samuel Swett Green, aliandika barua kwenye jarida la wakutubi akipendekeza maktaba ziazimane vitabu. Haikuchukuliwa kirahisi, ilichukua miaka mingi. Mwaka 1917 chama cha wakutubi wa Marekani kikatoa kanuni za kuazimana. Mwaka 1967 vyuo vya jimbo la Ohio vikaungana kuanzisha ushirika wa OCLC ili viwe na orodha moja kwenye kompyuta, na 1979 orodha ile ikaanza kutumika kupeleka maombi ya kuazima. Hapa Minnesota upo ushirika unaoitwa Minitex, ulianza rasmi 1971 chini ya Chuo Kikuu cha Minnesota, na magari yao yanazunguka kubeba vitabu kati ya maktaba. Angalieni mpangilio wa mambo: barua ya mtu mmoja, kisha kanuni, kisha orodha ya pamoja. Kompyuta zimekuja karibu miaka mia baada ya barua. Kumbe walianza bila hizo.

#5 Mwalimu wa Kusini (mleta uzi)

Mzee wangu Mkutubi, shikamoo. Hilo la mwenye mali mmoja sikuwa nalijua, na tangu nilisome nalirudia rudia.

Ndugu yangu wa Kariakoo, maswali yako ni ya haki, nikujibu moja moja.

Mtandao naupenda. Lakini kitabu nilichokisema hakiko mtandaoni kwa namna ambayo mimi au mwanafunzi wangu tunaweza kukisoma bure na kihalali. Vitabu vingi vilivyochapwa hapa kwetu miaka ya 60, 70 na 80 viko hivyo hivyo. Wachapishaji wengine wamefungwa, haki za vitabu ziko kwa warithi ambao hakuna anayejua wapo wapi, na hakuna aliyepata fedha za kuviskani. Tukisema tusubiri viwekwe mtandaoni, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu atakuwa babu. Na simu yenyewe: darasani kwangu shuleni hairuhusiwi, nyumbani ni ya mama, na bando ni la kutuma na kupokea pesa. Kitabu cha karatasi watoto sita wanakizunguka mezani, hakiishi chaji.

Kuhusu kupotea, nilifikiri sana. Kitabu kilichokaa rafuni tangu 1987 bila kufunguliwa hakijapotea, lakini kinamsaidia nani? Mchwa na unyevu wa masika navyo vinakula vitabu, tena visivyoguswa ndivyo vinavyoliwa kwanza, kwa sababu hakuna anayevifungua akaona tundu. Kinachoazimwa kinaangaliwa wakati wa kutoka na wakati wa kurudi.

Nauli ndiyo naomba wenye uzoefu waseme.

#6 Mzee wa Stendi

Mwalimu, hapo umekuja kwangu. Nimefanya kazi ofisi ya vifurushi vya mabasi miaka kumi na moja. Nguo za harusi, vipuri vya pikipiki, dawa za mifugo, vyeti vya watu, vyote vinapita mikononi mwetu. Vitabu navyo vinapita, hasa Januari shule zikifunguliwa.

Kifurushi cha kilo mbili tatu mkoa kwa mkoa ni elfu tano, saba, ikienda mbali sana elfu kumi. Ukifunga vitabu vinne pamoja bei inabaki hapo hapo. Kwa hiyo msitume kimoja kimoja. Kusanyeni maombi ya wiki mbili, mtume mzigo mmoja. Gawanyeni hiyo hela kwa wasomaji, kila mtu ni elfu moja au mbili na kitu. Mwalimu ametumia shilingi ngapi kwenda Dar?

Ushauri wa ufungaji, maana ndipo watu wanakosea. Usiweke kitabu kwenye mfuko mwepesi ukaona umemaliza. Buti za mabasi zina maji, zina mafuta, wakati mwingine kuna dumu la samaki. Funga kitabu kwa gazeti, kisha nailoni nene, kisha boksi gumu, jaza pembeni kisicheze. Andika kwa maka peni jina la maktaba na namba ya simu ya ofisi, upande wa juu na upande wa chini, maana boksi likigeuzwa mpakuaji hana muda wa kuligeuza tena. Dai risiti. Gari likiondoka, mpigie mpokeaji umtajie namba ya gari na saa ya kufika, awahi. Mzigo usiochukuliwa siku hiyo hiyo ndio unaoanza matatizo.

Na jambo jingine. Mabasi mengine yanarudi na nafasi tupu. Mkutubi akienda kwa meneja wa ofisi ya stendi na barua yenye muhuri, akamweleza ni vitabu vya umma na vinakwenda kila wiki mbili, mimi naamini wapo watakaobeba bure. Kwetu tumewahi kubeba madawati bila kulipwa.

#7 Msomaji wa Garissa

Hamjambo nyote. Naomba kuchangia kutoka upande wa Kenya.

Mimi nimekulia kaskazini mashariki. Kenya National Library Service ilianzisha maktaba ya ngamia huku Garissa mwaka 1996. Ngamia anabebeshwa masanduku ya vitabu, mwingine hema na mikeka, wanaenda mahali gari la kawaida linakwama kwenye mchanga. Nilikuwa darasa la tano nilipoiona mara ya kwanza. Tulikalia mikeka chini ya mti, na vitabu havikuwa vyetu. Baada ya muda vinachukuliwa, vingine vinaletwa. Hilo ndilo nataka kulisema: kule kuchukuliwa ndiko kulitufanya tusome haraka. Nilijua nisipokimaliza kitaondoka na ngamia.

Huku kwetu kazi ni ngumu zaidi kidogo kuliko kwenu, kwa sababu Katiba ya 2010 iligawa huduma za maktaba kwa kaunti. Kaunti moja kumwazima jirani ni lazima kuwe na mkataba. Kwa hivyo hii ya Tanzania ya kuwa na Bodi moja ni bahati, msiichukulie hivi hivi.

Pia tusisahau tumetoka wapi. Maktaba ya McMillan Nairobi ilifunguliwa 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma mpaka 1958. Watu walipita nje ya zile nguzo miaka 27. Kitabu kufungiwa mahali ambapo wenye kiu hawafiki ni jambo tunalolijua sisi.

#8 Mama Nukta

Habari zenu ndugu zangu. Mimi si mwandishi mzuri lakini uzi huu nimeusoma wote usiku nikaona nisinyamaze.

Binti yangu haoni. Yuko kidato cha pili. Anasoma kwa nukta nundu, na anasoma kweli, akipata kitabu hakiachi. Shida ni kukipata. Mnapoongelea kitabu kimoja kuwa mkoa mwingine, kwa mtoto wangu hiyo ndiyo hali ya kila kitabu. Kitabu cha kawaida cha kurasa mia mbili kikiandikwa kwa nukta nundu kinakuwa majuzuu kadhaa makubwa, mazito, na gharama yake ni kubwa. Hakuna shule wala maktaba inayoweza kuwa navyo vyote. Lazima vizunguke. Hakuna njia nyingine.

Sasa nimejifunza mambo mawili ambayo wengi hawayajui, niyaseme hapa yasaidie.

Moja, kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, maandishi ya wasioona husafirishwa kwa posta bila ada ya kawaida ya posta. Mzigo unaandikwa juu kuwa ni maandishi ya wasioona, na unaachwa namna ambayo posta wanaweza kuufungua wakague. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza sikuamini, nikaenda kuuliza dirishani mwenyewe.

Pili, upo Mkataba wa Marrakesh wa 2013. Unaruhusu kitabu kutengenezwa kwa nukta nundu au sauti kwa ajili ya wasioona bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki, na unaruhusu nakala hizo kuvuka mipaka ya nchi. Kenya iliingia 2017, Tanzania 2020. Maana yake kitabu cha Kiswahili kilichokwisha kuandikwa kwa nukta nundu Nairobi hakina sababu ya kuandikwa upya Dar. Kinaweza kuja.

Mzee wa Stendi, naomba niongeze kwenye ufungaji: vitabu vya nukta nundu visilazwe chini ya mzigo mzito. Nukta zikibonyezwa zinalala, na zikilala mtoto anapapasa ukurasa hakuna kitu. Visimame wima kama vinavyosimama rafuni.

#9 Mdau wa Kariakoo

Mama Nukta, Mzee wa Stendi, asanteni. Mimi ndiye niliyepinga na sasa naona nilifikiria upande wangu tu, mtu wa mjini mwenye bando. Naomba nisaidie kwa ninachokiweza. Natengeneza mifumo midogo ya kompyuta ya maduka, ya kuhesabu stoku. Orodha ya pamoja ya vitabu ni kazi ya namna hiyo hiyo: kitu gani, kipo wapi, kimetoka lini. Maktaba zikinipa orodha zao hata kwenye daftari lililopigwa picha, naweza kuanza na mbili.

#10 Mkutubi Mstaafu

Kijana wangu wa Kariakoo, hilo ni neno. Ila usianze na vitabu vyote, utachoka kabla hujafika herufi C. Zamani vitabu vilinunuliwa na kuorodheshwa makao makuu Dar ndipo vikasambazwa, kwa hiyo vile vya kawaida kila mkoa unavyo vinavyofanana. Havihitaji kuazimwa. Anza na vile visivyofanana: historia za wenyeji, kamusi na masimulizi ya lugha za makabila, vitabu vya kilimo vya zao la mahali pale, vilivyoachwa na wamisionari na walimu wastaafu, vijitabu vya wachapishaji waliofungwa. Kila maktaba ina rafu moja au mbili za namna hiyo, na mara nyingi ndizo za chini, karibu na ukuta, kama alikokuta Mwalimu. Rafu hizo mkutubi mmoja anaziandika kwa wiki moja.

Na usitupe namba za uainishaji zilizoandikwa mgongoni. Mkutubi wa mbali atakuuliza namba hiyo kabla ya jina.

#11 Mwalimu wa Kusini (mleta uzi)

Wakuu, mrejesho baada ya wiki saba.

Nilichapa uzi huu, nikampelekea mkutubi wa mji wetu. Alisoma yote mbele yangu, kisha akachukua simu akampigia mwenzake wa mkoa jirani, yule mwenye kijitabu. Hawakuwahi kuongea kabla, ingawa wote wako kazini zaidi ya miaka kumi. Waliandikiana barua mbili zenye muhuri, moja ya kuomba na moja ya kukubali, kwa wiki nne. Mzigo ulifika Alhamisi jioni, umefungwa kwa gazeti, nailoni na boksi, jina juu na chini. Nauli elfu sita. Ndani vilikuwa vitabu vitatu: kijitabu cha Ungoni na vingine viwili nilivyokuwa sijui kama vipo, mkutubi wa kule aliviongeza mwenyewe akaandika kikaratasi, "Labda na hivi vitawafaa."

Kimoja kati ya hivyo kinaelezea mwanzo wa vita huko Umatumbi, jinsi watu wa Nandete walivyong'oa pamba mwezi Julai 1905. Darasani kwangu nina kijana ambaye baba yake alihamia huku kikazi kutoka Umatumbi. Ni mpole, nadra kunyoosha mkono. Nilisoma kwa Kiingereza, nikafasiri, nikafika kwenye Nandete. Akasimama, akasema, "Mwalimu, pale ndipo kwa bibi." Akaomba akisome yeye. Alisoma polepole, wenzake wakimsubiri kila neno, mpaka kengele ikalia na hakuna aliyetoka.

Nimemwachia akipeleke nyumbani baba yake akione, kwa jina langu kwenye kadi. Kilirudi kimevalishwa jalada la kalenda.

Vitarudi kwao tarehe waliyotupa. Na wao wametuomba kitu, ndiyo sababu naandika leo. Kuna kikundi cha wakulima vijana kule wameanza kahawa, wanataka kitabu cha Kiswahili cha kutunza mibuni na magonjwa yake, cha kueleweka, si kipeperushi. Kwetu tumekuta kimoja kimekatika kurasa za katikati, zile hasa za ugonjwa wa chulebuni. Mdau wa Kariakoo amekwisha kuingiza rafu zetu mbili na za kule mbili kwenye orodha yake, hakimo kingine. Kuna yeyote yuko karibu na maktaba Moshi au Bukoba atuangalizie?

#12 Mkulima wa Kibosho

Mwalimu, niko Moshi mjini kesho kupeleka parachichi. Nitapita maktaba asubuhi kabla ya soko. Niandikie jina la kitabu na ile namba ya mgongoni.